Siku moja kwenye foleni ya watoto, Nakivale

Saa 1:00 asubuhi. Akina mama wamejaa barazani mwa kituo chetu cha afya, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Tangu vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, vilipopamba moto mwanzoni mwa 2025, foleni yetu imerefuka, na wenyeji wa vijiji vya Isingiro wanatibiwa hapa hapa. Kabla ya kufungua daftari la usajili, naipitia foleni yote. Mtoto anapumuaje? Ananyonya? Amelegea? Mwenye dalili ya hatari anaingia papo hapo. Wachanga wa chini ya miezi miwili wanafuata. Watu wakizidi, kazi hii ndiyo ya kwanza kuachwa, eti inachelewesha. Mimi nasema ndiyo inayookoa.

Saa 3:10. Napita tena. Mama mmoja amefika sasa hivi, akaenda mwisho kwa adabu, mtoto wa miaka miwili mgongoni. Nafunua kitenge: macho yamegeuka, mkono unarukaruka. Degedege. Angengoja zamu yake, angefikiwa saa saba. Tunamlaza ubavu, tunampa dawa ya degedege, tunapima sukari, kisha malaria. Anayo. Anachomwa artesuneti, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, na ambulensi inaitwa impeleke kituo kikubwa.

Bibi aliyekuwa wa kwanza anasema, “Sista, mtangulizeni huyo. Wangu anakohoa tu.” Mjukuu ana mwaka na nusu. Namhesabia pumzi dakika nzima: 52. Kwa umri wake, kuanzia 40 ni haraka mno. “Bibi, hii ni nimonia. Usiondoke bila amoksisilini.”

Saa 6:00. Chanjo. Ile ya malaria, iliyoanza Uganda Aprili 2025, hutolewa miezi 6, 7, 8 na 18. Dozi ya nne ndiyo inayonitia wasiwasi, maana mtoto akishatembea mama haoni sababu ya kurudi. Nawapa wahudumu wa afya wa vijiji majina, wawafuate nyumbani.

Saa 9:00. Utepe wa kupima unene wa mkono, kutafuta utapiamlo: watoto wawili wako chini ya sentimita 11.5. Wanaanzishiwa chakula dawa.

Saa 11:00 jioni. Nimemwomba tena msimamizi: mtu mmoja akae mlangoni, kazi yake kupanga foleni tu, kutwa nzima. Amesema tutazungumza Jumatatu. Nitakwenda na daftari langu, lenye saa aliyofika kila mtoto mahututi na saa aliyoonwa.