Moto wa baba na kiini cha shaba

Baba alikuwa mtu wa matanuri. Maisha yake ya kazi yalipita kwenye kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hapa Lubumbashi, chini ya lile bomba refu la moshi, kando ya mlima mweusi wa mabaki ya madini. Basi jioni ile aliponikuta nimechora miduara kwenye daftari la kemia, na katikati nimeandika Cu, alama ya shaba, alivuta kiti. Alama hiyo aliijua kuliko mimi.

"Soma, nisikie."

Somo lilikuwa la Kifaransa. Nikamgeuzia kwa Kiswahili chetu. Atomu ya shaba ina kiini chenye chembe za aina mbili: protoni 29 na nyutroni 34 au 36. Nje yake kuna elektroni 29, zimejipanga kwa matabaka: 2, 8, 18, kisha moja peke yake. Hiyo moja haishikiliwi sana, ndiyo maana waya wa shaba unapitisha umeme vizuri. Hilo alilipenda. Akauliza ukubwa, nikampa mfano wa mwalimu: weka punje ya hindi katikati ya uwanja wa mpira wa Kenya, komini ya hapa mjini kwetu. Punje ndiyo kiini; elektroni ziko hadi kule wanakoketi watazamaji.

Ndipo akauliza jambo ambalo darasani hakuna aliyelifikiria.

"Na moto wetu, unafanya nini ku hiyo protoni?"

Kesho yake nililipeleka swali kwa mwalimu, naye akaacha somo la siku hiyo. Akaandika ubaoni: shaba, chuma, salfa. Katika madini ya mgodi wa Kipushi hivi vimeshikana, na kinachovishikanisha ni elektroni za nje. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Joto la tanuri linapita hapo, na linatosha kuvitenganisha. Salfa inajiunga na oksijeni, inatoka kama moshi (ule uliotukereketa koo utotoni). Chuma kinaishia mlima mweusi. Shaba inabaki. Lakini kiini hakiguswi hata kidogo: protoni 29 zinazoingia tanurini ndizo zinazotoka.

Nilipomletea jibu alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Siye hatutengenezi mukuba, mwanangu. Tunautosha tu mu majiwe." Mukuba ndiyo shaba; wao waliitoa tu kwenye mawe. Kisha akataka hesabu ya protoni. Kobalti? 27. "Tofauti ni mbili tu?" Mbili tu. Na urani ya Shinkolobwe? 92. Nikamweleza kwamba kiini hicho hupasuka, na kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka mgodi huo, hapa kwetu Katanga. Akauliza ni moto gani unaokipasua. Si moto, nikamwambia, nyutroni moja inatosha. Hakukubali mpaka nilipomchorea urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, ikiipokea nyutroni, ikigawanyika na kurusha nyingine mbili au tatu, kila moja ikienda kupasua kiini kingine. Hapo akachukua kalamu, akaanza kuzihesabu mwenyewe.