Udongo Wangu Ulivyokuwa Ukisafiri Kwenda Malindi

Shamba langu liko Dagoretti, magharibi mwa Nairobi: robo ekari ya udongo mwekundu unaoteremka hadi kwenye kijito kinachoingia Mto Nairobi. Kwa miaka sita nilipanda sukuma wiki kwa DAP, mbolea ya dukani yenye naitrojeni na fosforasi, tena bila kipimo. Kila mavuno yalipopungua, niliongeza mbolea.

Aliyenizindua ni shosho, bibi mzee anayelima upande wa chini. Asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, aliniita ukingoni akanionyesha maji yenye rangi ya matofali. "Mwanangu, hilo ni shamba lako linapita." Nilichota maji hayo kwa chupa ya jemu nikaiweka dirishani, na kulipokucha siku ya pili tope lililotuama lilikuwa na unene wa kidole. Mto Nairobi humwaga maji katika Mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana na kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Rutuba niliyoilipia ilikuwa safarini.

Nilipeleka udongo kupimwa kwenye maabara ya Kabete, na kipimo cha pH kikawa 4.8, yaani asidi kali. Mtaalamu alinieleza kwamba naitrojeni ya DAP huja kama amonia, ambayo bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti, na mgeuko huo huacha asidi. Asidi ikizidi, aluminiamu hufunga fosforasi, hivyo mmea hulala njaa katikati ya chakula. Naitreti isiyofyonzwa huenda na maji, na fosforasi husafiri imeshikamana na chembe za udongo. Zikifika mtoni hustawisha mwani, yaani utando wa kijani majini, ambao ukifa na kuoza humaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini. Kwa ule utando wa kijani wa kila kiangazi nilikuwa nikiyalaumu maji taka ya mtaani peke yake. Maji taka yana lawama yake, lakini nami nilikuwa na yangu.

Nilianza na chokaa ya kupunguza asidi, nikaichanganya na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kisha nilitengeneza fremu yenye umbo la herufi A kwa fito tatu, uzi na jiwe, nikaitembeza shambani hatua kwa hatua kutafuta mistari ya usawa kwenye mteremko, na juu ya mistari hiyo nikachimba makinga maji na kupanda nyasi za nepia. Lililoniuma ni kuacha mita 6 kando ya kijito bila kulima, kama kanuni zinavyotaka, kwa kuwa hapo ndipo sukuma ilipostawi zaidi.

Samadi nayo ilinitia aibu. Niliirundika mbichi, wazi, karibu na maji, na mvua moja ikaisomba nusu. Siku hizi huiozesha upande wa juu wa shamba pamoja na majani makavu, nikiifunika kwa turubai, na DAP nimeiacha.

Masika haya nilichota maji tena, mahali pale pale. Tope lilikuwa jembamba kama sarafu. Shosho aliigeuza chupa mkononi, akaitazama kwa muda, kisha akaniomba pingili za nepia.