Maji ya moto yenye kutu: tulivyoiokoa hita yetu Tabora

Ukifungua bomba la maji ya moto yakatoka mekundu, fundi wa kwanza utakayemwita huenda akakwambia hita imeoza, nunua nyingine. Inawezekana kweli imeoza. Lakini kutu ina njia nyingi za kufika kwenye ndoo yako, na tangi la hita ni mojawapo tu. Sisi hapa Isevya tuliambiwa tutupe hita ambayo mpaka leo inachemsha maji, na inaniuma nikifikiria nyumba ngapi zimetupa hita zao kwa ushauri wa namna hiyo.

Yetu ni ya umeme, ya lita 50, inaning'inia ukutani bafuni. Tuliifunga kwa ajili ya mama mkwe, anayesumbuliwa na magoti. Anayeijua Tabora ya Juni na Julai anazijua asubuhi zake: upepo mkavu, na maji ya simtanki yamelala nje usiku kucha. Huwezi kumpa mtu mzima maji yale aoge. Hita ilifanya kazi miaka kadhaa bila maneno, kisha maji yakaanza kutoka na rangi ya chai ya rangi. Chini ya ndoo kukawa na vichembe vyekundu, na kanzu ya mume wangu ya Ijumaa iliyolowekwa kwenye maji yale ikatoka na madoa ya kahawia kuanzia begani mpaka kifuani.

Fundi wa kwanza alisimama mlangoni mwa bafu, akaangalia ndoo, akasema, "Mama, hii imekwisha. Tangi limeoza." Nikamuuliza atajuaje na hajaifungua. Akajibu hakuna haja ya kufungua. Nikamshukuru, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri, kabla mtu hajagusa bomba, nilichukua ndoo mbili nyeupe. Moja nikakinga maji ya baridi, nyingine ya moto, bafu lile lile. Ya baridi yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Hapo nikajua tatizo halitoki mtaani. Siku hizi Tabora tunapata maji ya Ziwa Victoria, tofauti na zamani tulipotegemea bwawa la Igombe, lakini maji yawe ya wapi, yakikatika halafu yakarudi kwa nguvu hubandua kutu iliyoganda kwenye mabomba ya zamani ya chuma. Ingekuwa hivyo, ya baridi nayo yangetoka machafu.

Kisha nikayaacha ya moto yaendelee kutiririka, nikawa nakinga kwenye glasi kila baada ya muda. Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila mwenye hita akifanye. Maji yakianza machafu na yakasafika baada ya kutiririka kidogo, kutu iko kwenye bomba kati ya hita na bafu. Yakiendelea vile vile mpaka moto unakwisha, kutu iko ndani ya tangi. Ya kwetu yalianza meusi kidogo, yakapauka, lakini hayakusafika. Maana yake tulikuwa na vyote viwili.

Jirani akatuelekeza kwa fundi mmoja mzee wa Ng'ambo. Nilipomwamkia na kumweleza habari ya glasi, alicheka kwa furaha, akasema, "Mwanangu, kazi yangu umeshaimaliza nusu." Alizima umeme kwenye saketi breka kubwa, siyo swichi ya bafuni peke yake, akahakikisha kwa testa. Akafunga valvu ya maji yanayoingia, akafungua bomba la moto ili hewa ipite, akainua kile kikono cha valvu ya usalama na kuelekeza mpira kwenye tundu la maji machafu. Yalitoka maji mekundu, halafu tope zito la kahawia.

Alipofungua mfuniko wa chini na kulegeza nati, bamba lilishuka na elementi, kile chuma kinachochemsha maji, iliyovaa ukoko mweupe. Pembeni yake uling'inia waya mwembamba wa chuma, mtupu. Akaushika kwa vidole viwili, akaniambia pale palipaswa kuwa na fimbo ya magnesiamu yenye unene wa milimita 22. Imeliwa yote.

Nilimwomba anieleze pole pole, na alinieleza vizuri. Tangi ni la chuma, ndani limepakwa enameli, utando mgumu kama wa kioo, na enameli haikosi vijitundu na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji yakipita hapo hula chuma, na yakiwa ya moto hula haraka zaidi. Kwa hiyo watengenezaji huweka anodi, ile fimbo ya magnesiamu, kwa sababu magnesiamu huliwa kwa urahisi kuliko chuma. Maji huanza na fimbo, chuma kinasalimika. Fimbo ikiisha, zamu ya chuma inaanza. Waliotufungia hita hawakututajia jambo hili hata kwa neno moja, na naona ni makosa makubwa. Fimbo hukaguliwa kila mwaka au miaka miwili, na ukiuona ule waya wa katikati umeanza kutokeza, unabadilisha.

Mzee akamulika ndani kwa tochi ya simu. Kulikuwa na mabaka ya kutu kwenye mshono, ila mwili wa tangi ulikuwa mkavu kwa nje, haudondoshi hata tone. "Hili linapona," akasema. Lingekuwa linavuja mwilini, isingekuwepo dawa: ukilichomelea, moto unaharibu enameli ya pembeni na kutu inapata mlango mwingine.

Tulisuuza tangi mpaka maji yakatoka meupe, elementi tukailoweka kwenye siki. Fimbo hatukuipata kwenye maduka ya hapa, nikatuma Mwanza picha ya ule waya pamoja na urefu na kipimo cha uzi wa skrubu yake, ikaja kwa basi. Bei yake haikukaribia hata kidogo bei ya hita mpya. Tukanunua na gasketi, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje. Kile kiungio kifupi cha chuma kwenye njia ya maji ya moto, kilichokuwa kimejaa kutu ndani na kuyafanya maji ya mwanzo kuwa meusi, tukakibadilisha kwa cha brasi.

Wakati wa kujaza tena, mzee aliacha bomba la moto wazi mpaka maji yakatoka mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo akawasha umeme. Elementi ikiwashwa tangi likiwa tupu, inaungua. Thermostati, ile inayopima na kukata moto, akaishusha mpaka nyuzi 60. Inatosha kuoga kwa kuchanganya na ya baridi, inapunguza kasi ya kutu, na LUKU inakaa zaidi. Kushusha chini ya 50 sishauri, maana maji ya uvuguvugu yanastawisha bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu.

Maji yalikuwa na unjano kidogo mwanzoni, yakasafika wiki ile ile. Mama mkwe alikuwa ameanza kuogopa kuoga nayo, akidhani yanadhuru. Chuma kwenye maji ya kuoga kwa kawaida hakimdhuru mtu, kinachochafuka ni nguo na vyombo. Ila ya kupikia na kunywa sisi hatuchukui kwenye bomba la moto, hata sasa.

Kanzu niliipaka maji ya limau na chumvi, nikaianika juani, nikarudia mpaka madoa yakatoka. Msitie jiki kwenye doa la kutu, klorini inalikaza na halitoki tena.

Tarehe ya fimbo mpya nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa hita, na mzee ataifungua tena kabla ya baridi ya mwakani. Siku tangi litakapoanza kuvuja mwilini, nitanunua jingine, na kabla halijapandishwa ukutani nitamwomba fundi alifungue nione fimbo yake kwa macho yangu.