Najua, mara 26

Jumapili usiku

Leo mchana binti yangu alikwama kwenye neno "maji". Ma-ma-ma, midomo imembana, macho yamemtoka, na wenzake aliokuwa akicheza nao rede uani wakaanza kumwigiza. Ana miaka saba. Nikamwita ndani, nikampa maji, nikanyamaza. Kigugumizi hicho kimetoka kwangu.

Alipomaliza kunywa nikaitoa kabatini kaseti ya Bill Withers, mwimbaji wa Kimarekani, ule mkusanyiko wa vibao vyake uliotoka mwaka 1981. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, ndiye aliyeniletea nikiwa darasa la sita. Mkanda umechoka hadi sauti inayumba, na nimeshaurudisha kwa kalamu mara zisizohesabika. Kiingereza chenyewe nilikuwa sikijui. Kilichonikamata ni alichoniambia mjomba wakati ananikabidhi: "Na huyu alikuwa na kigugumizi kama wewe, mjomba."

Nilikuwa siwezi kuitikia "nipo" darasani jina langu linapoitwa. Kuna mwalimu alikuwa akinisubiri makusudi, darasa zima likicheka. Sasa naambiwa mtu mwenye sauti ile, iliyonyooka kama maji ya mtungini, naye alikuwa hivyo!

Withers alizaliwa mwaka 1938 huko Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha West Virginia, akiwa wa mwisho kati ya watoto sita. Akiwa na miaka 17 aliingia jeshi la majini, akakaa humo miaka tisa. Albamu yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1971 alikuwa mtu mzima wa miaka 32, mfanyakazi wa kiwanda, akiunda vyoo vya ndege. Kwenye jalada lake amesimama hapo hapo kiwandani, kisanduku cha chakula mkononi. Napenda sana kwamba hakubadili nguo ili apigwe picha.

Katika albamu hiyo ndimo ulimo "Ain't No Sunshine". Katikati ya wimbo maneno yanamwishia, anabaki kusema "najua, najua, najua", mara 26. Alikusudia kuja kuijaza sehemu ile kwa maneno mengine, lakini wanamuziki waliokuwa studio, Booker T. Jones akiwa ndiye mtayarishaji, wakamwambia aiache ilivyo. Nimeufikiria uamuzi huo kwa miaka mingi. Mtoto aliyechekwa kwa kurudia silabi amekua, amerudia neno moja mara 26, na dunia nzima inaimba naye. Wengine watasema ni mtindo tu wa muziki. Mimi nasikia ulimi unaoujua mlango uliofungwa, na safari hii hauusukumi.

Kisha anakuja na "Lovely Day", na karibu na mwisho anaishika sauti moja kwa sekunde 18. Kwa mtu mwenye kigugumizi, pumzi ndiyo kila kitu. Ikikatika, neno limekufa. Kila nikifika hapo nami najikuta nimebana pumzi.

Mkusanyiko wenyewe una nyimbo kumi, na mbili ni za kuazima: "Just the Two of Us" ilitoka kwenye albamu ya mpiga saksofoni Grover Washington Jr., na "Soul Shadows" ni ya bendi ya The Crusaders. Wamefungua na hiyo ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikivuma. Ningepanga mimi, ningeanza na ya nane, "Grandma's Hands". Ni dakika mbili tu za bibi mwenye mikono inayovimba, anayepiga makofi kanisani na kumwonya mjukuu asikimbie ovyo. Nami nililelewa na bibi, Muheza. Nikikwama, alikuwa anaendelea kupeta mchele wake, hata haninyanyulii macho. "Haraka ya nini, mume wangu? Maneno hayana miguu, hayatakukimbia." Basi neno linatoka lenyewe.

Kuna wimbo mmoja ambao kutokuwemo kwake kunaniuma. Septemba 1974 Withers alikuja Kinshasa, kwenye tamasha lililoandaliwa liende sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. Picha zipo: ameketi na gitaa lake mbele ya umati wote ule, anaimba "Hope She'll Be Happier" taratibu kabisa, kama yuko chumbani kwake. Wimbo huo ulikuwa kwenye albamu ya kwanza. Wapangaji wa mkusanyiko wakauruka.

Binti yangu aliketi sakafuni, akaisikiliza kaseti bila kuuliza kitu. Tulipofika kwenye zile "najua" nikamwambia ahesabu. Akaanza na vidole vya mikono, vikaisha upesi. Akahamia vya miguu, navyo vikaisha, na yule bwana bado anaendelea. Akaniangalia, kisha akauvuta mkono wangu akavikunja vidole vyangu vitano kimoja kimoja, akauvuta na wa pili, akakunja kimoja.

"Ru-ru-rudisha, baba," akasema. Nikatafuta kalamu.