Masanduku mawili kutoka Miritini hadi uwanja wa ndege

Jana nilimsindikiza mama yangu kutoka Voi kwa treni ya SGR (reli ya kisasa), akielekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, tukiwa na masanduku mawili mazito na kikapu cha maembe ambacho alikataa katakata kukiacha. Kwa kuwa stesheni ya Miritini, tuliposhuka, na uwanja huo vyote viko bara, upande wa magharibi, hatukuwa na haja ya kuvuka daraja la Makupa kuingia kisiwa cha Mombasa, kosa lililonigharimu saa nzima mwaka jana. Tulipanda matatu hadi Changamwe, ambako kondakta alitutoza nauli ya kiti cha ziada kwa ajili ya mizigo (nami niliona ni haki), kisha tukachukua tuktuk. Kikapu mama alikipakata njia nzima.