Giaboksi imekufa Minnesota: ufungue, ubadilishe au uuze gari?

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku Minnesota, Marekani, sikuwa hata nimemaliza kueleza gari langu limefanya nini, tayari ushauri umejaa. Nusu wanasema liuze kama chuma chakavu. Nusu wanasema tafuta giaboksi ya mtumba, funga, endelea na maisha, kama watu wanavyofanya Gerezani, ule mtaa wa vipuri wa Dar es Salaam. Nawaelewa. Ila hesabu ya Gerezani ukiibeba hivi hivi mpaka huku Brooklyn Park itakuingiza hasara, na sababu zake ndizo nataka kuzieleza hapa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Unaweka D, gari linakaa kwanza kama halijasikia. Likiondoka, kati ya gia ya pili na ya tatu injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari halivuti. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Maduka mengi ya vipuri huku yanasoma bure kodi, yaani namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, nikapita moja, ikatoka P0700. Hapo wengi wanaanza kulia mapema. P0700 yenyewe inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi imeona tatizo. Tatizo gani, zinasema kodi nyingine zinazofuatana nayo. Inaweza kuwa solenoidi moja, ile valvu ndogo ya umeme inayoongoza oili, au waya uliolika, ukatoka kwa dola mia chache. Kwa hiyo anayekutajia bei ya giaboksi nzima kwa kuangalia P0700 peke yake, mshukuru, chukua ufunguo wako, ondoka.

Fundi niliyempeleka ana kazi moja tu maishani, giaboksi za otomatiki, hagusi breki wala shokapu. Alishusha sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi, mbele yangu. Oili mpya ya giaboksi huwa nyekundu. Yangu ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Kwenye sumaku ya sampo ukikuta tope laini la kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida. Mimi nilikuta vipande vyeusi vya pleti za klachi, zile zinazoshikana ili gari livute. Hapo solenoidi haikuokoi, na kumwaga oili na kuweka mpya hakurudishi pleti iliyokwisha.

Zikaja bei. Giaboksi ya mtumba kutoka yadi ya magari yaliyokufa, pamoja na ufundi, dola 2,000, dhamana ya siku 90, tena ya kifaa tu: ikifa, wanakupa nyingine, na pesa ya kushusha na kupandisha unalipa tena wewe. Kufanya ovahoo ya ile ile yangu, yaani kuifungua na kubadilisha vilivyokwisha, dola 3,400, dhamana ya miezi 12 au maili 12,000. Iliyofufuliwa kiwandani, dola 4,900, dhamana ya miaka mitatu. Gari lenyewe likiwa zima lingeuzika kama dola 6,000. Likiwa limelala vile, mnunuzi wa kwanza alinipa 900 huku akijifanya ananisaidia.

Sasa, kwa nini nyumbani mtumba una akili na huku hauna sana? Giaboksi nyingi za Gerezani au za Kirinyaga Road Nairobi zimetoka kwenye magari ya Japani. Kule gari linakaguliwa kila baada ya muda, ukaguzi una gharama, na wenye magari wengi huachana nayo yakiwa bado yana nguvu. Unapata kifaa ambacho hakijatembea sana. Yadi ya Minnesota inakupa giaboksi ya mwaka ule ule, muundo ule ule, imetembea maili zile zile 150,000 kwenye baridi ile ile. Kama muundo huo una udhaifu wa kuzaliwa nao, mtumba unakuja nao. Anayefanya ovahoo kwa umakini anajua pleti zipi huungua, valvu ipi huvujisha presha, na anaweka kipuri kilichoboreshwa mahali hapo. Ukilazimika kuchukua mtumba, uliza gari lake lilikufa kwa nini. Lililogongwa nyuma ni zuri: lilikuwa linatembea dakika ile lilipogongwa. Lililoletwa limevutwa bila mkwaruzo hata mmoja, jiulize mwenyewe.

Halafu kuna bei ya mikono. Nyumbani ufundi ni nafuu na kipuri ndicho ghali, kwa hiyo fundi anafungua kila kitu. Huku saa moja ya gereji inaweza kupita dola 150, na kushusha giaboksi na kuirudisha ni kazi ya siku nzima. Ndiyo maana gereji za kawaida hazifungui. Zinaagiza nzima na kubadilisha. Baba, ambaye kule Moshi amefunguliwa giaboksi juu ya gunia chini ya mwembe na gari likatembea miaka, alinipigia kuuliza, "Mwanangu, huyo fundi anafungua au anabadilisha?" Nikamwambia anafungua. "Kiasi gani?" Nilimtajia kwa dola, nikamwachia hesabu ya shilingi mwenyewe. Kidogo akauliza kama huko hawahitaji mafundi.

Kuna kanuni inayozunguka sana: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, uza. Mimi siipendi. Bei ya soko inamhusu anayetaka kuuza. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee Maple Grove, basi la saa hizo la kunitoa hapa halipo, kwa hiyo swali langu ni gari lingine litanigharimu nini. Gari la dola 6,000 utakalonunua leo nalo lina giaboksi ya mtu usiyemjua. Ukienda kwenye mkopo, na hasa ukiwa mgeni usiye na historia ya kukopa, zile yadi za nunua-hapa-lipa-hapa zinaweza kukupiga riba inayopita asilimia 20, na mwenye mkopo atakulazimisha ukate bima kubwa. Weka hayo yote kwenye karatasi, ile 3,400 inaanza kupungua makali.

Lakini kabla ya kukubali nilimwomba fundi aniinulie gari kwenye lifti tuangalie chini. Huko chini ndiko kwenye jibu. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inakula fremu, mabomba ya breki, kila chuma. Giaboksi mpya ndani ya gari lenye fremu iliyooza ni pesa ya kutupa. Langu lilikuwa limenunuliwa Texas, chini kukavu. Lingekuwa limekulia hapa hapa, ningechukua zile 900 bila kubishana. Na kama lingekuwa na CVT, ile ya mkanda na puli, nisingezungumza habari ya ovahoo kabisa. Wanaozifungua vizuri ni wachache mno, ukibadilisha unabadilisha nzima.

Nikachagua ovahoo, nikaomba makadirio kwa maandishi. Hili watu wetu wengi hawalijui: sheria ya Minnesota inakupa haki hiyo kwa matengenezo yanayozidi dola 100 na yasiyofika 7,500, na gereji ikishakuandikia, haiwezi kuzidisha zaidi ya asilimia 10 bila idhini yako. Unaweza pia kudai vipuri vya zamani, isipokuwa vile vinavyotakiwa kurudishwa kiwandani.

Kwenye karatasi hakikisha toki konveta, kile kifaa cha kati ya injini na giaboksi, imeandikwa. Kuna wanaoshusha bei kwa kurudisha ya zamani, imejaa uchafu wa pleti zilizoungua, na uchafu huo unaingia moja kwa moja kwenye kazi mpya. Kipoza oili vivyo hivyo. Kwenye magari mengi kimo ndani ya rejeta, na fundi wangu alikataa kukisafisha, akasema rejeta nzima ibadilishwe la sivyo haandiki dhamana. Ikaongezeka dola 280. Nililipa. Rejeta ya namna hiyo ikitoboka ndani, maji yanachanganyika na oili, inakuwa ya waridi kama maziwa ya stroberi, na gundi ya pleti inaachia. Unarudi kuanza upya.

Wiki za mwanzo gia zilikuwa zinaingia kwa kushtua kidogo, kwa sababu kompyuta ilikuwa inajifunza pleti mpya. Sasa zimetulia. Fundi anataka kuliona tena kwa ajili ya kipimo cha oili, bure, na risiti ya kipimo hicho ndiyo inayoiweka hai dhamana.