Siku moja na chachu ya mahamri, Langoni, Lamu

Saa tisa na nusu usiku. Kazi ya kwanza ni kufunua bakuli la chachu, yaani unga uliokorogwa na maji na hamira kidogo, iliyolala tangu jana. Ikiwa imejaa matundu, imepanda na sasa uso wake umeanza tu kubonyea katikati, iko tayari. Ikinuka kama tembo kali la mnazi na imeshuka kabisa, imepitwa: chakula cha hamira kimeisha. Haitupwi, ila hamira ya asubuhi lazima iongezwe.

Saa kumi kasorobo. Unga kilo 2.7, sukari gramu 450, iliki iliyotwangwa vijiko 3 vya chai, chumvi kijiko 1, hamira ya chenga kijiko 1 na nusu cha chakula. Chachu yote huingia, kisha tui zito kidogo kidogo, karibu lita 1.3. Tui liwe vuguvugu, la kuvumilika kwa kidole. Likitoka motoni moja kwa moja linaua hamira, na hakuna kukanda kutakakoifufua. Sukari nyingi namna hiyo nayo huivuta maji hamira ikazubaa, ndiyo maana mahamri hutaka hamira nyingi kuliko mkate wa kawaida.

Saa kumi na moja na nusu. Donge limeumuka maradufu. Madonge madogo, kusukuma unene wa nusu sentimita, kukata pembe nne, kupumzisha dakika 20. Kipande cha kujaribia kikielea mara moja, mafuta yako tayari. Hamri humwagiwa mafuta juu kwa upawa mpaka livimbe. Lisilovimba aghalabu halikupumzishwa; linalokunywa mafuta lilikutana na karai baridi, au liliumuka kupita kiasi.

Saa moja mpaka saa tatu: kuuza, na mbaazi.

Saa tatu na nusu. Mchele wa mkate wa sinia unarowekwa.

Saa nane mchana. Mchele vikombe 2 husagwa na tui kikombe 1 na robo, hamira kijiko 1 cha chai, na unga wa ngano kijiko 1 cha chakula. Huo unga si wa kushikisha. Mchele mweupe una sukari chache ambayo hamira inaweza kuila papo hapo. Ngano inakuja na sukari kidogo na vimeng'enya vya kuvunja wanga. Sukari yenyewe hutiwa mwisho, baada ya kuumuka, maana huufanya uji kuwa mwepesi. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko.

Saa tatu usiku. Chachu ya kesho: unga gramu 300, maji mililita 300, hamira robo kijiko cha chai. Sukari hapana. Wengi hukoroga hamira na sukari tupu wakidhani wameilisha, kumbe sukari ni nguvu tu. Ili izaane inataka naitrojeni na madini, na hivyo vimo kwenye unga. Wanaochachusha asali hupata shida hiyohiyo, kwa kuwa asali ina sukari tele na naitrojeni haba, ndipo huongeza daiamoniamu fosfeti, chumvi yenye naitrojeni. Jikoni hapa unga unatosha.

Maji yawe matamu, ya upande wa Shela. Ya kisima chenye chumvi huichelewesha. Kopo la hamira lifungwe kabisa na lirudi frijini usiku huohuo, kwani unyevu wa pwani ukiliingia, hamira hupoteza nguvu hata kabla ya tarehe iliyoandikwa.